Shaba Mbili na Siki

Divai ya mwaka wa mvua ya mawe ilichacha pipani,
mama akaiita siki, akaacha kuihuzunikia.
Nilibeba chupa mbili hadi Kishinau,
nikakwangua kutu ya kijani kwenye sufuria ya shaba ya bibi,
nikaviacha vizoeane ndani ya gilasi, dirishani, ghorofa ya tatu,
penye jua la haya la mwezi wa Machi.
Siku ya kumi na moja zilikuwa fuwele,
kijani kizito, kama shingo ya bata dume wa ziwani.

Tukazipiga eksirei. Ndani: shaba mbili
zimekabiliana uso kwa uso,
kila moja na elektroni yake isiyo na mwenzi,
mshale mdogo unaotafuta pa kuelekea.
Wa kale wa fani yetu waliuona ukaribu ule
wakasema, hizi zimeshikana mikono.
Hazijashikana.
Kati yao kuna madaraja manne ya siki:
oksijeni, kaboni, oksijeni,
oksijeni, kaboni, oksijeni,
na habari zote hupitia huko, kwa kuzunguka.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, husema wasemao.
Waje wapime.
Elektroni ya huku humwagika kidogo darajani,
ya kule nayo vivyo hivyo.
Si safari. Harufu ya mkate ikivuka ukuta,
nani atasema mkate umehama?
Na pale zinapokutana pana sheria ya kitanda chembamba:
wawili watalala, ila mzungu wa nne,
kichwa cha huyu miguuni pa yule.
Basi huyu akielekea juu, yule chini.
Hakuna aliyeamuru. Ni nafuu ya kulala tu.

Mwaka juzi nilipika kingine, daraja lake oksijeni pekee.
Kona ikipanuka kupita digrii tisini na nane, mishale hupingana;
ikibanwa chini ya hapo, hukubaliana.
Digrii moja, mbili!
Ndugu wangapi wametengwa na kidogo kuliko hicho.

Mimi na Vitalie tulizozania mizabibu miaka tisa.
Yeye ng'ambo ya Nistru na pampu yake ya dawa ya buluu,
mimi huku na mizani yangu. Hatukupigiana simu.
Mama ndiye aliyepiga: "Nduguyo anasema mvua imekuja."
Nikasema, huku kukavu. Akapeleka.
Juu, chini. Chini, juu.
Jumla: kimya.

Anghelina akateremsha baridi kwa heliamu ya kukopa,
akagonga kioo cha mtambo kwa ukucha.
"Daktari, mashine imekufa. Sumaku imekwisha."
Haijafa, nikamwambia. Sufuri unayoiona
si utupu; ni wawili wanaokataana kikamilifu,
na kukataana huko ndiko kunakowashikilia.
Pasha joto, baadhi yao watageuka waelekee upande mmoja,
kama watu waliosahau walichogombania.

Lakini mwishoni kabisa, karibu na baridi isiyo na chini,
mchoro uliinua mkia.
"Uchafu," akaandika Anghelina,
na ndivyo tunavyofundisha:
shaba chache zisizopata mwenzi, au zilizokatikiwa daraja,
mishale mipweke inayogeukia sumaku yoyote ipitayo.

Mama tulimzika Februari.
Tulisimama kila mmoja upande wake wa kaburi,
Vitalie na viatu vyenye madoa ya buluu.

Mkia ule sikuutoa kwenye mchoro, ingawa ndiyo desturi.
Siki imebaki robo chupa, iko kabatini, nyuma ya asidi.
Vitalie, namba yako ni ileile?